Modemu ya Kupeleka Harusi Kambini

Alhamisi jioni ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya, na kwaya ilifanyia mazoezi uani kwa Teresina. Watu walikuja kwa miguu, wengine kwa boda, wakakalia viti, ndoo na matofali. Teresina alisimama katikati yao, mkono juu, akiwaongoza.

Asubuhi mkono huohuo ulikuwa na kazi nyingine. Teresina alipika kisra, ule mkate mwembamba kama kitambaa, akawauzia watu wa mtaa wake wa Hai Malakal, mjini Juba, Sudan Kusini. Mumewe, Emilio, alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda kidogo katika soko la Custom. Watu walimwita Baba Konga, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Wote wawili walikulia Uganda, mjini Arua, kwa sababu wazazi wao walikimbia vita vya zamani. Huko ndiko walikojifunza Kiswahili. Walirudi Juba wakiwa watu wazima, wakajenga, wakapata watoto. Kisha mwaka 2016 risasi zikalia tena mjini. Kwaya ikagawanyika vipande viwili. Wengine walibaki Juba. Wengine walivuka mpaka, wakaenda kambi za Yumbe, kule Uganda. Kati ya waliovuka alikuwa Santina, mama yake Teresina.

Mwaka uliofuata, jambo jema likaingia katika familia. Mogga, mdogo wake Teresina, alipata mchumba. Jina lake Victoria, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya hiyohiyo. Siku ya harusi ikapangwa. Teresina akampigia mama yake simu kumpa habari.

Mzee Santina alipiga vigelegele mpaka Teresina akaisogeza simu mbali na sikio. Halafu akauliza harusi itafanyikia wapi.

"Hapa Juba, mama. Wapi tena?"

"Mogga ni mtoto wangu wa mwisho, Teresina. Barabara ya kuja Juba watu wanashambuliwa. Mimi siwezi kuja. Harusi ya kitinda mimba wangu nitakuja kusimuliwa tu, kama habari za jirani?"

Simu ikakatika yenyewe, kama ilivyozoea.

Jioni waliongea jambo hilo wakila.

"Siku hiyo tutampigia simu, asikilize," Mogga alisema.

"Simu gani?" Teresina akauliza. "Hii ambayo haiwezi kumaliza salamu bila kukatika? Na tena atasikia mama peke yake. Shangazi je? Na nusu ya kwaya iliyo kule?"

Emilio aliweka kijiko chini. Macho yake yaling'aa. Teresina aliyajua macho hayo. Yaling'aa hivyo kila mara Emilio alipotaka kufungua kitu na kukiunganisha upya.

"Mimi iko na njia," Emilio alisema. "Ile laptopu ya zamani, niliyopewa na ofisi iliyofungwa wakati wa vita. Tutaifanya seva."

"Seva ni nini?" Mogga akauliza.

"Ni kompyuta inayotoa vitu kwa watu wengine. Unajua ukifungua ukurasa kwenye simu yako, ule ukurasa unatoka mahali. Unatoka kwenye kompyuta fulani, iliyo macho saa zote. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Sasa badala ya kuwa ng'ambo, seva yetu itakaa hapa nyumbani. Tutaweka nyimbo za kwaya. Siku ya harusi tutaunganisha kipaza sauti. Mtu yeyote mwenye simu na bando kidogo atafungua ukurasa wetu na kusikia."

"Si kuna watu wanaokodisha seva huko nje?" Teresina akauliza.

"Wapo. Lakini wanataka kadi ya benki. Sisi tuna kadi ya kliniki tu."

Wakacheka. Na kwa kuwa walikuwa wamecheka, ilikuwa kama wamekubaliana.

Emilio alifanya kazi siku kadhaa. Alikuwa amejifunza mambo ya kompyuta katika kozi fupi Kampala, na programu za seva zilipatikana bure. Siku moja alimwita mkewe. "Mama Konga, njoo. Shika simu yako, iunganishe na laptopu hii. Andika namba hizi."

Teresina aliandika. Ukurasa ukafunguka. Juu yake palikuwa na maneno: Kwaya ya Hai Malakal. Akagusa wimbo mmoja, na sauti za watu wake zikatoka kwenye simu. Teresina alishika mdomo. Kisha akaanza kucheza pale pale, na unga wa kisra ungali mikononi.

"Bado kitu kimoja tu," Emilio alisema. "Modemu. Modemu ndiyo inayounganisha nyumba na intaneti."

Kesho yake wakaenda pamoja Custom, kwenye duka la simu la kijana kutoka Uganda. Duka lilijaa maboksi yenye picha za kumetameta.

"Boss, chukua hii ya kijiti," muuzaji alisema. "Unachomeka tu kwa laptopu. Hii iko na spidi mingi sana. Ona namba kwa boksi!"

Namba ilikuwa kubwa kweli. Emilio aliipenda namba hiyo. Hakuuliza swali lingine. Walirudi nyumbani, wakachomeka, na intaneti ikaingia mbio. Emilio alifungua kurasa za mbali, zikafunguka kufumba na kufumbua. Alifungua ukurasa wa kwaya pia, ukafunguka. Akampigia mama mkwe simu.

"Mama, waambie vijana wa huko wakufungulie ukurasa. Namba ni hizi."

Walingoja. Baadaye simu ya mama ililia. "Emilio mwanangu, hapa hakuna kitu. Kuna duara linazunguka tu. Linazunguka, linazunguka, halafu simu inasema haikupata kitu."

"Malesh, mama, utusamehe. Modemu ni ndogo hii. Nitatafuta kubwa."

Akarudi Custom na kununua modemu nyingine. Hii ilikuwa na antena nne zilizosimama kama pembe, na boksi lake lilikuwa na namba kubwa kuliko ya kwanza. Nyumbani kila kitu kilikwenda mbio zaidi. Kambini duara likaendelea kuzunguka.

"Iko moja nyingine," Emilio alianza kusema. "Iko na pembe nane—"

"Baba Konga," Teresina alimkata, "ukileta mnyama mwingine mwenye pembe, utalala naye nje."

Lakini alipoona uso wa mumewe ulivyoshuka, alimhurumia. Na moyoni alikuwa na hofu yake mwenyewe. Harusi ilikuwa inakaribia. Mama kule alikuwa ameshawaambia watu wote wa mtaa wake wa kambi kwamba atawasikilizisha harusi ya Juba.

Katika nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa dada mmoja aitwaye Poni. Alilelewa Nairobi, akasomea mitambo ya mawasiliano. Sasa alifanya kazi katika kampuni ya intaneti hapo Juba, na kazi yake ilikuwa kupanda minara. Asubuhi moja alikuja kununua kisra kama kawaida, kofia yake ngumu kwapani.

"Anti, leo huimbi?" Poni aliuliza. "Kila siku nakusikia kabla sijafika kwa mlango."

Teresina alimweleza yote. Hakuficha hata ile modemu ya pembe nne. Poni alicheka kidogo, lakini si cheko la dharau.

"Nioneshe," alisema.

Emilio alitoa laptopu na modemu zote mbili. Akafungua ukurasa kwenye simu yake. "Ona, hapa inafunguka vizuri. Lakini kwa mama haifunguki."

"Anko, simu yako inatumia mtandao gani sasa hivi?"

"Huu wa nyumbani. Unatoka kwa hii modemu."

"Basi hapo umejidanganya kidogo. Simu yako na seva ziko ndani ya nyumba moja. Zinaongea zenyewe, hazitoki nje hata hatua. Ukitaka kujua kama mgeni anaweza kuingia, lazima utoke nje ugonge mlango kama mgeni. Zima huo mtandao wa nyumbani. Tumia bando la simu. Jaribu tena."

Emilio akajaribu. Duara likazunguka, likazunguka.

"Kumbe!" akasema. "Duara la mama hili hapa!"

"Kalas, basi, tumempata mgonjwa," Poni alisema. Alivuta kiti akakaa, akala kipande cha kisra. "Sasa sikilizeni. Modemu hizi si mbaya. Ni nzuri kwa mtu anayetoka kwenda kutafuta vitu. Lakini ninyi hamtoki. Ninyi mnakaribisha wageni. Hizo ni kazi mbili tofauti."

"Tofauti vipi?" Teresina aliuliza.

"Anti, fikiria kota yenye vyumba mia na lango moja. Kampuni ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya lango moja, yaani anwani moja ya intaneti. Wewe ukituma mtu dukani, askari wa lango amemwona akitoka, kwa hiyo akirudi anajua ni wa chumba gani. Lakini mgeni akija kutoka nje, anasema, 'Namtafuta Teresina,' askari hajui chumba chako. Anamfukuza. Mama yako anafika mpaka langoni na kurudishwa."

Teresina aliitazama modemu ya pembe nne kwa jicho baya.

"Kwa hiyo hata ningenunua ya pembe nane..." Emilio alisema polepole.

"Mama angefukuzwa kwa haraka zaidi."

Wote watatu wakaangua kicheko. Emilio alicheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi. Halafu akauliza, "Sasa mtu achague nini?"

"Kwanza chagua njia ya intaneti, modemu baadaye," Poni alijibu. "Wengi wanaanza na boksi. Ninyi ulizeni kampuni maswali haya. Mtanipa anwani yangu mwenyewe, isiyobadilika? Kwa sababu hata ukiwa na lango lako, likihamahama kila asubuhi, wageni watapotea."

"Hilo nimeelewa," Teresina alisema.

"Halafu ile namba ya boksi. Ile ni spidi ya kuingia, ya vitu vinavyokuja kwako. Seva inahitaji spidi ya kutoka. Kila msikilizaji kule kambini anachota sauti yake kutoka kwenu. Akichota mmoja, sawa. Wakichota hamsini, njia ya kutoka lazima iwe pana. Kampuni nyingi hazitaji namba hiyo mpaka uulize. Uliza, na usione haya."

Emilio alichukua mkaa, akachora mishale miwili ukutani: mmoja wa kuingia, mmoja wa kutoka. "Na picha je? Nilitaka kuweka na video."

"Acha video. Sauti nyepesi inatosha. Itatumia njia yenu kidogo, na haitakula bando la watu wa kambi. Mama yako atanunua bando kila dakika kwa sababu ya kuona kofia ya Mogga?"

"Na dishi la setilaiti?" Emilio aliuliza. "Mashirika yanatumia."

"Linafanya kazi mahali pasipo na mnara. Lakini ni ghali, na habari inapanda mbinguni na kushuka, kwa hiyo inachelewa. Hapa mjini kuna njia ya kati. Unaweka antena ndogo juu ya nguzo, inaangalia mnara wetu ulio upande wa mlima wa Jebel. Tunakupa anwani ya kudumu na spidi ya kutoka iliyo wazi kwenye mkataba. Na bando lake halihesabiwi kwa ukubwa. Mtu wa seva asichukue bando la kuhesabiwa. Wageni watalimaliza yeye amelala."

Teresina alimtazama sawasawa. "Poni mwanangu, unasema hivyo kwa sababu ni kampuni yako?"

"Swali zuri, Anti. Usinisadiki mimi. Kuna kampuni nyingine mbili mjini. Nendeni mkawaulize maswali hayohayo."

Wakaenda kweli. Kampuni ya kwanza haikuweza kutoa anwani ya kudumu. Ya pili iliweza, lakini mnara wake haukuonekana kutoka Hai Malakal. Teresina ndiye aliyeuliza maswali, huku Emilio akisikiliza. Karani mmoja alimuuliza kama yeye ni injinia. "Mimi ni mwalimu wa kwaya," Teresina alijibu. "Spidi ya kutoka ni ngapi?"

Wakarudi kwa Poni, na kifurushi wakachukua kidogo, kinachotosha sauti. Watu wa kwaya walikubali kuchangia.

Siku ya kuchagua modemu, Poni aliwaonesha mbili mezani. Emilio hakusoma boksi safari hii.

"Hii inaweza kufungua mlango wa wageni uelekee kwenye seva peke yake?" aliuliza.

"Inaweza. Hata ile nyingine."

"Inatumia umeme gani?"

Poni alitabasamu. Hilo hakuwa amemfundisha. Juba wakati huo haikuwa na umeme wa mji. Watu waliishi kwa jenereta na sola, na mafuta yalikuwa shida. Emilio alizigeuza zote mbili, akasoma maandishi madogo chini. Moja ilitaka umeme wa ukutani. Nyingine ilikula volti kumi na mbili, sawa na betri ya gari.

"Hii," alisema. "Itakula moja kwa moja kwenye betri yangu ya sola. Jenereta likizima, mama hatajua."

"Anko, hapo umefika," Poni alisema.

Kazi ya kusimamisha antena ikafanyika Jumamosi asubuhi. Poni alipanda juu ya paa, akatazama upande wa Jebel, akatikisa kichwa.

"Kuna mwarobaini hapa mbele. Antena lazima iuone mnara bila kizuizi. Majani yatameza nguvu yote."

"Mti wangu haukatwi," Teresina alisema kutoka chini. "Kwaya nzima inapata kivuli pale."

"Basi tuinue nguzo."

Watu wa kwaya wakaitwa. Mogga alileta bomba refu la chuma. Wanaume wakalishika, wanawake wakavuta kamba, na kwa kuwa walikuwa wanakwaya, hawakuweza kuvuta bila kuimba. Nguzo ikapanda kidogo kidogo, ikapita majani, ikasimama.

Wimbo ulikuwa haujaisha waliposikia gari likisimama nje. Askari watatu wa doria wakaingia uani, bunduki mabegani. Wimbo ukakatika. Vita vilikuwa bado vinaendelea, na nguzo ndefu yenye antena si kitu cha kuchezea.

"Hiki ni nini?" mkubwa wao aliuliza. "Mnaongea na nani huko juu?"

Poni alikuwa ameshashuka. Alisema kwa upole, "Salamu, afande. Ni intaneti. Kibali cha kampuni hiki hapa. Na mkuu wa mtaa tulimjulisha kabla. Hii ni barua yake."

Askari alisoma taratibu. Kisha akamgeukia Teresina. "Intaneti ya kazi gani, mama?"

"Ya harusi, mwanangu," Teresina alisema. "Mdogo wangu huyu anaoa. Mama yetu yuko kambini, Yumbe. Hawezi kuja. Tunataka amsikie mtoto wake akioa."

Askari alitazama nguzo, akatazama watu walioshika kamba. Alikuwa kijana, ndevu chache tu kidevuni.

"Yumbe," alirudia. "Mama yangu yuko huko pia. Hapa Juba hana mtu isipokuwa mimi." Akajikuna shingo. "Huo ukurasa wenu, na yeye anaweza kuufungua?"

"Mtu yeyote anaweza," Emilio alisema. "Chukua namba zake hizi."

Askari akaziandika kwenye simu yake. Akaagana nao kwa adabu, na gari likaondoka. Kwaya ikashusha pumzi kwa pamoja. Poni aliingiza zile karatasi mfukoni. "Ndiyo maana kibali huja kabla ya nguzo," alisema.

Baada ya chakula walimaliza kazi ya ndani. Poni alimwonesha Emilio jinsi ya kubadilisha nywila ya modemu. "Nywila ya kiwandani inajulikana na kila mwizi wa mtandao. Ukishaweka seva, watu wabaya nao watagonga. Fungua mlango mmoja tu, ule wa ukurasa. Mingine yote ifungwe. Na programu zako zisizeeke, ziboreshe kila mara."

Emilio aliweka nywila ndefu. Alikataa kumwambia hata mkewe, mpaka mkewe alipomtazama. Akamwambia.

"Sasa mtihani," Teresina alisema. Aliufunga mtandao wa nyumbani kwenye simu yake. Akatoka mpaka barabarani, akasimama kando ya boda zilizopita, akatumia bando lake mwenyewe. Duara lilizunguka mara moja, likatoweka. Kwaya ya Hai Malakal! Alirudi uani akikimbia, simu juu, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Siku ya harusi ilifika na jua kali. Asubuhi maharusi walifunga ndoa kanisani. Mchana msafara ukaja nyumbani kwa sherehe, Victoria katika gauni jeupe lililoanza kupata vumbi chini, Mogga akitoka jasho ndani ya koti. Kipaza sauti kilisimama mezani, waya wake ukaingia ndani mpaka kwenye laptopu. Poni alikaa pembeni na sahani ya chakula, jicho moja kwenye skrini.

"Wasikilizaji wangapi?" Teresina alinong'ona.

"Wanne."

Kwaya ikaanza. Baada ya wimbo wa kwanza, Poni aliinua vidole vya mikono yote. Baada ya wimbo wa pili, vidole havikutosha. Katikati ya wimbo wa tatu jenereta la jirani likazima, na spika kubwa za uani zikakata. Watu wakasema, "Aaa!" Emilio alikimbilia ndani. Taa za modemu zilikuwa zinawaka kijani, tulivu kabisa. Laptopu ilikuwa inaendelea.

"Imbeni!" alipiga kelele dirishani. "Hapa spika zimekufa, lakini kule wanasikia! Imbeni!"

Wakaimba kwa vifua vyao. Teresina aliinua mkono, na mara hii hakuwaongoza watu walio mbele yake tu. Aliimba akimwona mama yake akiwa amekalia mkeka, shingo imenyooka, mkono sikioni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono ulikuwa kazini.

Ikafika zamu ya maharusi. Mogga aliinama kwenye kipaza sauti. "Mama," alisema, "huyu hapa ni Victoria. Ni mtoto wako sasa. Anaimba kuliko mimi." Victoria akasema, "Shukran kwa kunipa Mogga, mama. Nitakutunzia." Watu wakapiga makofi, na sherehe ikapumzika kidogo ili watu wale.

Hapo simu ya Teresina ikalia. Nyuma ya sauti ya mama kulikuwa na kelele za watu wengi sana, na ngoma ya debe.

"Teresina! Mbona mmenyamaza?"

"Tunakula, mama. Umesikia?"

"Nimesikia! Nimemsikia mtoto wangu kama amekaa hapa. Tumeweka simu ndani ya sufuria ili sauti ikue, mtaa mzima uko hapa. Kuna mama mmoja amekuja kutoka mbali, anasema ametumwa na mwanawe askari. Tumecheza mpaka kiatu changu kimekatika. Acheni kula! Sisi hatujachoka!"

Teresina aliiweka simu kwenye sauti ya nje, akaiinua ili ua wote usikie. Wageni wakaacha sahani. Mogga alivua koti. Ngoma ikapigwa upya, na watu wa Juba na watu wa kambi wakacheza harusi moja mpaka jua lilipoanza kulegea.

Baada ya harusi seva haikuzimwa. Kila wiki Emilio aliweka mazoezi ya Alhamisi. Mwalimu wa shule moja mtaani alimwomba aweke masomo ya kusoma kwa sauti. Watu wengine walifika kwenye kibanda chake Custom kuuliza modemu gani ni nzuri. Aliwajibu, "Kwanza niambie, unatoka kwenda kutafuta, au unakaribisha wageni?"

Siku moja, mazoezi yakiwa yameanza, alitoka ndani na laptopu mikononi.

"Mama Konga, kuna kitu kimekuja kutoka Yumbe. Wamekituma wenyewe."

Aligusa kitufe. Sauti nyingi zikatoka. Ilikuwa ile nusu ya kwaya iliyovuka mpaka, na sauti nyingine mpya ndani yake. Waliimba wimbo ambao Juba hakuna aliyewahi kuusikia. Walikuwa wameutunga kule, juu ya maharusi wawili.

Kwaya ilisikiliza. Wimbo ulipokwisha, wote walimgeukia Teresina, wakingoja mkono wake.

Lakini Teresina hakuinua mkono. Alivuta ndoo, akaketi kati yao kama mwanafunzi.

"Rudisha mwanzo, Baba Konga," alisema. "Sijashika bado sauti ya pili inapoingia."